Jiko la Mama na Nyumba ya Matofali

Kwa miaka mingi niliamini kwamba wageni waliofika nyumbani kwa mama, Bagamoyo, walipenda kuketi jikoni kwa sababu ya maneno yake matamu na harufu ya mchuzi wa nazi. Alipofariki, nikakaa peke yangu katika nyumba ile mwezi mzima wa Februari, ndipo nilipotambua kwamba walikuwa wakikimbia joto. Nyumba kubwa ya matofali ya saruji na mabati, ambayo baba aliijenga kidogo kidogo kwa zaidi ya miaka kumi, na ambayo ukoo mzima uliihesabu kuwa ndiyo maendeleo yetu, ilikuwa haikaliki tangu saa tano asubuhi hadi saa nne usiku. Jiko lililokuwa uani, kibanda cha miti na udongo chenye paa la makuti na kuta zisizofika juu, lilikuwa na upepo mchana kutwa. Tuliwapangia wageni sofa sebuleni, nao wakaomba mkeka jikoni.

Tulipokutana baada ya arobaini, ndugu zangu walipendekeza tubomoe vyote viwili, nyumba na jiko, tujenge upya. Mchoro walikuwa nao tayari kwenye simu: nyumba ya kuficha paa, madirisha mapana ya aluminiamu, uwanja wote kutandikwa pevingi, na kiyoyozi kila chumba. Niliomba nipewe mwaka mmoja niitengeneze iliyopo, kwa fedha ambazo zingetosha msingi na jamvi la ile mpya tu. Walikubali, nadhani, kwa namna mfiwa anavyokubaliwa kila analolisema.

Sikukataa ubomoaji kwa sababu ya kumkumbuka baba peke yake. Kila nikisafiri kutoka Dar es Salaam hupita Tegeta, chini ya kilima cha Wazo, ambako saruji imekuwa ikitengenezwa tangu mwaka 1966, na siku moja nilianza kujiuliza ni nini hasa kinachofanyika mle ndani. Mawe ya chokaa huchanganywa na udongo wa mfinyanzi, yakachomwa katika tanuri kwa joto la karibu nyuzi 1,450 za Selsiasi hadi yakashikamana kuwa vigololi vigumu viitwavyo klinka, kisha vigololi hivyo vikasagwa pamoja na jasi kidogo. Mtu hudhani kwamba uchafuzi wote unatokana na mafuta au makaa ya kuchochea moto huo, lakini zaidi ya nusu ya hewa ya ukaa hutoka ndani ya jiwe lenyewe, kwa kuwa jiwe la chokaa haliwezi kugeuka kuwa klinka bila kuiachia. Hata tanuri lingechochewa kwa jua, hewa hiyo ingetoka vilevile. Duniani kote saruji huchangia takriban asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu. Sisemi haya ili kumlaumu mtu wa Dunda au Magomeni, kata za hapa Bagamoyo, anayejikusanyia mifuko ya saruji apate vyumba viwili vya kulala wanawe. Mzigo mkubwa wa dunia hii haukubebeshwa na yeye. Ninasema kwamba kuta za baba zilikwisha kulipiwa, kwa fedha na kwa moshi, na kuzigeuza kifusi kisha kununua nyingine ni kulipa deni lile lile mara mbili.

Lililobaki lilikuwa kujua kwa nini nyumba ilikuwa na joto namna ile. Nilimwita mjomba, ambaye katika ujana wake alikuwa mwashi wa mawe na chokaa kabla kazi hiyo haijamezwa na matofali ya saruji.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, mwanangu. Hebu nionyeshe, kibla ni wapi humu ndani?”

Nilimwonyesha kona ya chumba cha mama, mahali alipokuwa akitandika msala. Akatikisa kichwa. “Basi jua umeshalijua linapopita, na upepo umeshaujua unakotoka. Baba yako, Mungu amrehemu, alifuata barabara.”

Ilinichukua siku kadhaa kuyaelewa maneno hayo. Bagamoyo na Makka ziko karibu katika mstari mmoja, sisi kusini na wao kaskazini, na ndiyo maana anayeswali hapa huelekea kaskazini karibu moja kwa moja, na ndiyo maana pia mabaharia wa zamani waliita kaskazini “kibula”. Anayejua kibla anajua mashariki na magharibi bila dira. Jua letu hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, na siku zilizobaki huegemea kidogo kaskazini au kusini. Kwa hiyo ukuta wa kaskazini na ule wa kusini hukingwa kwa urahisi na ukingo wa paa uliotokeza vizuri, lakini ukuta wa mashariki hupigwa asubuhi yote na ule wa magharibi hupigwa alasiri yote, jua likiwa chini kiasi kwamba hakuna ukingo wa paa unaolizuia. Nyumba ya pwani ingepaswa kulala kwa urefu kutoka mashariki kwenda magharibi, ili pande fupi ndizo ziumie. Ya kwetu imesimama kinyume chake kabisa, kwa sababu baba alitaka uso wake mrefu uonekane na wapita njia, na vyumba vitatu vya kulala vyote viliangukia magharibi. Ukuta wa tofali la inchi sita hulinywa jua lile hadi magharibi, kisha usiku hulitoa polepole ndani, juu ya kitanda.

Nyumba haigeuzwi. Lakini kabla ya ukuta kuna paa, na paa ndilo lililokuwa na hatia kubwa zaidi. Bati lililochakaa na kushika kutu, likikaa juani saa saba mchana, laweza kufikia nyuzi 60 na zaidi, na joto hilo halihitaji upepo wa kulishusha. Hung'aa kuelekea chini kama joto la jiko la mkaa linavyomfikia aliyeketi mbali nalo. Kati ya bati na dari kulikuwa na hewa iliyofungwa pande zote. Nilipanda siku moja na fundi, tukatoa ubao mmoja wa dari, na joto lililotushukia usoni lilikuwa kama la kufunua sufuria. Fundi aliteremka akisema kwamba dawa ni kuweka jipsamu. Jipsamu ni nzuri kwa macho, lakini ubao mwembamba peke yake, uliozibwa kila upande, hupata moto kutoka juu na kuuteremsha kwa wakati wake.

Tulifanya mambo matatu. Kwanza tulitoboa matundu mapana yenye nyavu katika kuta mbili za pembetatu zinazoshika paa, upande wa kaskazini na wa kusini, ili hewa ya moto iliyo juu ya dari ipate mlango wa kutokea. Pili tulipaka bati rangi nyeupe baada ya kulisugua kutu, kazi iliyowafanya majirani waulize kama tunafungua zahanati, maana siku hizi fasheni ni bati la msauzi la rangi ya kahawia au nyeusi, rangi ambazo kwa jua la Bagamoyo ni sawa na kuvaa koti la sufu kwenda sokoni. Tatu tulitandika chini ya papi, yaani mbao zinazoshikilia bati, karatasi ya kung'aa ya kuzuia joto, katika vyumba vya kulala pekee, kwa sababu fedha haikutosha kwingine. Kipimajoto changu cha ukutani, ambacho Februari ile kilikuwa kikisoma nyuzi 36 chumbani saa tisa alasiri, Februari iliyofuata kilisoma 32, ambazo zilikuwa karibu sawa na za nje kivulini. Kama ningeambiwa nichague mambo mawili tu kati ya yote yaliyofanyika, ningechagua rangi na matundu, ambayo pamoja yalikuwa na gharama ndogo kuliko kiyoyozi kimoja.

Kuhusu hizo nyumba za kuficha paa nina neno moja. Paa lake huwa limelala mno na limezungushiwa ukuta, kwa hiyo hakuna ukingo unaotokeza kukinga ukuta na dirisha; jua na mvua ya masika hupiga moja kwa moja, maji hukusanyika katika gata zilizojificha ambazo zikiziba majani hurudi ndani. Mtindo huo ulizaliwa kwenye nchi zenye jua la aina nyingine na mvua ya aina nyingine.

Baada ya paa tulitafuta upepo. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, miezi yetu ya joto kali, ikitoka kaskazini mashariki. Kusi hushika baada yake. Upande ule ule wa kaskazi baba alikuwa amejenga ukuta wa fensi wa matofali, mrefu kuliko mtu, mita mbili tu kutoka dirishani, na madirisha yenyewe aliyabadilisha katika miaka yake ya mwisho kuwa ya aluminiamu ya kusukuma. Dirisha la kusukuma hufunguka nusu tu, daima. Hata uwe na haraka gani ya kupata hewa, kioo kimoja lazima kikae mbele ya kingine. Ukiongeza wavu wa mbu, ambao nao hupunguza upepo, umelipia dirisha zima kwa ajili ya robo ya hewa. Kwa bahati madirisha ya zamani ya mbao yalikuwa bado ghalani, tukayarudisha vyumbani yakiwa na nyavu, yakifunguka kwa nje, pana kwa pana. Ukuta wa fensi tuliushusha kuanzia kozi ya tano, tukapandisha juu yake matofali ya matundu, yale ya urembo ambayo watu huyaweka ngazini. Usiku wa kwanza baada ya kazi hiyo pazia lilipepea, jambo ambalo sikulikumbuka tangu utoto wangu.

Upande wa magharibi tulijenga upenu wa baraza kwa nguzo za mivinje na makuti, na mbele yake tukapanda mkungu na miembe miwili. Shemeji yangu alipendekeza miashoki, kwa kuwa inapendeza na haimwagi majani mengi, lakini mti uliosimama kama mshumaa hutoa kivuli cha mshumaa. Pevingi nilizikataa kabisa. Uwanja uliofunikwa kwa saruji hushika joto na kuyafukuza maji ya mvua kuelekea kwa jirani, na tayari sehemu za mtaa wetu hujaa maji kila masika.

Sasa nije kwenye kosa langu, ambalo lilihusu jiko. Nililipenda sana, na kwa mapenzi hayo nikataka lidumu. Fundi mmoja alinishauri tulipige plasta ya saruji juu ya udongo “ili liwe la kisasa na mchwa wasiliguse”, nami nikakubali bila kumuuliza mjomba. Lilipendeza miezi minne. Masika yalipoingia, maji yalipenya kwenye nyufa ndogo ambazo hazikuonekana kwa macho, na unyevu mwingine ukapanda kutoka chini. Ukuta wa udongo hunyonya unyevu na kuutoa kila siku, lakini plasta ya saruji iliuziba usitoke, kwa hiyo udongo ukalainika nyuma yake kama uji ndani ya gamba. Asubuhi moja kipande kikubwa kama mlango kiliporomoka na kuvunja mitungi. Mjomba alikuja, akasimama muda mrefu, akasema tu: “Umemvika mtu mfuko wa plastiki, kisha unashangaa anatoka jasho.”

Tuliiondoa plasta yote. Tuliinua chini ya ukuta msingi wa mawe wa kiasi cha sentimita 40, ili matone ya mvua yanayoruka kutoka ardhini yasifikie udongo, tukarefusha ukingo wa makuti, kisha tukakandika upya kwa udongo uliochanganywa na mchanga na majani makavu yaliyokatwakatwa, na juu yake tukapaka chokaa. Wanawake wa mtaani wawili, watu wazima, waliifanya kazi hiyo kwa siku tatu kwa mikono yao, wakinicheka kwa jinsi nilivyokuwa nikiushika udongo kwa ncha za vidole. Baadaye nilifahamu kwamba kosa langu ni lile lile linalofanywa katika majengo ya kale ya mawe mjini kwetu: kuta za mawe na chokaa zilizokarabatiwa kwa saruji huanza kumomonyoka pembeni mwa kiraka, kwa sababu saruji ni ngumu na haipitishi unyevu, na jiwe laini ndilo linaloumia.

Ningependa niishie hapo na kusema kwamba wazee walijua kila kitu, lakini si kweli, na mjomba ndiye wa kwanza kukataa. Chokaa ya Mji Mkongwe na ya magofu ya Kaole, ambako msikiti wake ni wa karne ya 13, ilichomwa kutokana na matumbawe, kwa magogo mengi yaliyopangwa kama mlima. Ni kweli kwamba chokaa huhitaji joto la karibu nyuzi 900 tu, na kwamba inapoganda ukutani huinyonya tena polepole hewa ya ukaa iliyoachiwa na jiwe. Ila moshi wa magogo haurudi, wala mti haurudi. Matumbawe yakivunjwa baharini yakiwa hai, samaki hupoteza mazalia yao. Mjomba aliwahi kulifanya hilo alipokuwa kijana, na halisemi kwa fahari. Chokaa tuliyotumia sisi ilikuwa ya kununua dukani, iliyochomwa kutokana na mawe ya nchi kavu.

Habari ya boriti ni hiyo hiyo. Vyumba vya nyumba za kale za mawe ni vyembamba, mita mbili na nusu au tatu, na sababu yake si uchache wa ardhi; huo ndio urefu ambao boriti ya mkoko iliweza kuvuka na kubeba dari ya mawe na chokaa. Mjomba huzitaja kwa daraja zake kama mtu anayetaja wanawe: fito, pau, boriti, nguzo. Leo mikoko ya pwani yetu, kuanzia mlango wa Ruvu hadi Kaole, ni msitu wa hifadhi, haikatwi bila kibali, nami naona ni haki. Mizizi yake huvunja nguvu za mawimbi, na tope lililo chini yake limehifadhi kaboni nyingi ambayo ikichimbuliwa hurudi hewani. Mtu anayejenga hoteli ya “asili” kwa boriti za mikoko asizojua zilikotoka asituambie kwamba anaihifadhi pwani. Mivinje niliyonunua ilipandwa shambani ili ivunwe, na inafaa kwa baraza.

Ukiacha baraza, kitu kimoja tu ndicho tulichojenga kipya: bafu na choo karibu na vyumba, kwa matofali ya udongo ya kufungamana, ambayo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umekuwa ukiyahimiza kwa miaka mingi. Udongo mwekundu uliochimbwa kwenye shimo letu la karo tuliupima kwa chupa: theluthi ya chupa udongo, kisha maji, ukatikiswa na kuachwa utulie hadi kesho yake, mchanga ukakaa chini na udongo mfinyanzi juu, tukaona kwamba mchanga ulizidi nusu. Mfinyanzi ukizidi, tofali hupasuka likikauka. Ukipungua mno, hulika kama biskuti. Tulichanganya ndoo moja ya saruji kwa ndoo 16 za udongo, tukashindilia kwa mashine ya mkono ya kukodi, tukayafunika kivulini na kuyanyunyizia maji siku 7, na hatukuyapandisha ukutani kabla ya siku 28. Saidia fundi aliyezoea matofali ya mchanga alitaka kuyajenga siku ya tatu. Ilibidi niyalinde kama anayelinda nazi. Faida yake ni kwamba hayachomwi kwa kuni, hayahitaji saruji ya kuungia kila kozi isipokuwa ile ya kwanza na ya lenta, na uso wake hauhitaji plasta. Hasara yake ni kwamba ukikosea kozi ya kwanza kwa nusu sentimita, kosa hilo utalibeba hadi juu.

Maji tuliyapata kutoka kwenye paa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, na paa letu lina mita 120, kwa hiyo mvua moja nzito ya masika, ya milimita 50, hujaza tangi la lita 5,000 na kubaki. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi tunaiacha imwagike, ioshe vumbi na mavi ya ndege. Kisima chetu kina maji ya chumvichumvi, kama visima vingi vilivyo karibu na bahari, na mama alikuwa akinunua ya madumu kwa ajili ya chai.

Jambo lililonitia wasiwasi zaidi lilikuwa mbu, maana nyumba inayopitisha upepo inaweza kupitisha malaria pia. Huko Magoda, wilayani Muheza mkoani Tanga, zilijengwa nyumba 6 za majaribio, nyingine za ghorofa moja juu, zenye kuta zinazopitisha hewa na nyavu kila tundu, na watafiti walikuta kwamba zilikuwa na ubaridi kuliko nyumba za kawaida za kijijini na mbu wachache sana, hasa vyumba vya juu. Upepo na nyavu, basi, havigombani kama tundu ni kubwa vya kutosha kufidia kile ambacho wavu unakizuia. Kwa kupoza hewa tunatumia feni, ambazo kila moja hula kama wati 70. Kiyoyozi cha chumba kimoja cha nguvu ya farasi moja na nusu hupita wati 1,000. Ndugu zangu walipokuja Idd walilala bila kuulizia kiyoyozi, ingawa mmoja wao bado anaona paa jeupe ni aibu.

Mwezi uliopita kiwanja kilichokuwa wazi upande wa kaskazini mashariki kilipata mwenyewe. Lori la kokoto limekwisha kuja na msingi umechorwa kwa chokaa nyeupe ardhini, ghorofa moja, meta chache kutoka kwenye mpaka wetu. Nilikwenda kumpa hodi pamoja na mjomba, tukiwa na sahani ya vitumbua, na baada ya salamu nikamweleza habari ya kaskazi. Ni kijana msikivu. Alisema ghorofa haliwezi kusogea kwa kuwa mchoro umekwisha kupitishwa, lakini fensi atainyanyua kwa matofali ya matundu kuanzia kozi ya tatu, na akamwomba mjomba aje amwonyeshe, kabla hawajachimba, kibla ya nyumba yake iko wapi.